Muti wa Maganda Uliotuachia

Baba,

Ni mimi, Mariamu wako. Nimekaa kwenye jiwe lako, karibu na mapipa ya kuloweka ngozi. Mutoto wangu Zaina amelala mugongoni, ndiyo maana maandishi yanapinda. Wewe hukumuona. Ana meno mawili, na paji la uso ni lako kabisa.

Baba, muti umekufa. Ninaanza na hilo, maana nikizunguka sitalisema. Muti wetu wa maganda ya kuivishia ngozi, ule wa nyuma ya nyumba uliopandwa na babu yako. Aliyeuua si dudu wala radi. Ni mimi.

Uliondoka, Idi ya kuchinja ikafika hata arobaini yako haijaisha. Watu wa Kasongo wakaleta ngozi za mbuzi kama kila mwaka, wanazitupa uani: "Fundi hayuko, lakini mutoto wake iko." Nilifurahi, Baba. Mimi mwanamuke, nikaitwa fundi. Kaka Ramazani akatazama lile lundo, akaziba pua. "Dada, acha ukaidi. Kuna unga wa dawa unatoka njia ya Salamabila. Siku mbili ngozi imeiva. Wewe utakaa mwezi muzima unapika maganda kama muganga?" Nikamuambia maji ya unga huo yatashuka kwenye kijito, na kijito ndiko tunateka. Akacheka: "Haya, tuone maganda yako yatafika wapi."

Nikachukua kisu chako. Nikakata ganda la muti upande wa jua kuchomoza, upana wa kiganja, kama wewe. Nikapaka udongo kwenye kidonda. Maganda hayakufika nusu ya pipa. Ngozi zimeanza kunuka, nzi wamejaa. Nikarudi, nikakata pembeni. Nikarudi tena. Nilipoinua macho, kidonda kilikuwa kimezunguka muti wote, mwanzo na mwisho vimeshikana kama ushanga kiunoni.

Ulikuwa unasema: "Muti iko kama mama mwenye kunyonyesha. Mushike mukono, usimukabe shingo." Miaka yote nilikubebea kikapu, nikayasikia maneno hayo kama wimbo tu. Sikujua ndiyo kazi yenyewe: ganda likikatwa kuzunguka, muti unakufa.

Ngozi zilitoka vizuri. Hilo ndilo linaniuma. Nyekundu zile zile zako, laini, watu wakanisifu. Kisha majani yakaanza kuanguka, katikati ya mvua, miti mingine yote kijani. Nikafunga kidonda na kitambaa changu. Nikamwaga maji. Mvua inanyesha, na mimi ninamwagilia! Mama Feza wa jirani akaniita kwenye ua: "Mwanangu, huyo ni maiti unamuogesha."

Sasa unga umefika. Kaka ndiye anaivisha ngozi nao, kule chini kwenye kijito. Kijito kinapita na rangi ya jani bichi, na vyura hatuwasikii. Tunateka mbali, juu kabisa, mutungi kichwani na mutoto mugongoni. Nikitaka kumukataza, ananyoosha kidole tu kuelekea muti. Ninabeba mutungi, ninaenda.

Baba, nikuambie na hili. Juzi niliinama kuokota kuni, na chini ya kidonda, karibu na udongo, nikaona machipukizi matatu. Madogo kama vidole vya Zaina. Mizizi haikufa. Nimeyazungushia miiba, maana mbuzi wa Mama Feza wanayatamani, wajinga wale, hawajui yanangojea ngozi zao.

Idi ikifika tena, ngozi zikija, nitasimama mulangoni nizirudishe. Nitawaambia watu kwa nini, kwamba muti niliuua mimi, na Kaka awe anasikia. Kisha kidole chake hakitakuwa na kitu cha kunionyesha, nami nitasema juu ya maji.

Kisu chako nimekifunga ndani ya ngozi ya mwisho uliyoitoa kwa mukono wako. Sitakifungua mimi. Atakifungua Zaina akiwa mukubwa, na kabla hajakata ganda la kwanza nitamupeleka kwenye shina la muti uliokufa, nimuonyeshe alama ilivyozunguka, nimuambie: hapa mama yako alikaba shingo.

Pumzika, Baba. Mungu akurehemu. Mutoto ameamuka, ninaenda kuteka maji.

Mariamu