Maharage ya Arobaini ya Zaina

Jumapili, usiku

Mwenyekiti wa kijiji amesema mno leo, kwenye arobaini ya mke wangu. Eti marehemu Zaina, bibi wa wajukuu wote wale, alilipenda shamba la ujamaa kuliko sisi sote. Zaina huyu aliyekuwa akifika pale, akiegemea jembe, na kumwuliza mwenyekiti kama naye amekuja kulima au kukagua vivuli.

Jasho lake alilimwaga Vidunda, kwenye shamba letu la mlimani, tulikotolewa kwa lori kuletwa hapa kijijini. Kila msimu alirudi kulilima kwa siri. Viongozi wakijua, watalifyeka.

Mwenyekiti amemaliza sahani mbili za maharage ya huko mlimani.

"Haya ndiyo matunda ya shamba la kijiji, au siyo, bibi?" akamwuliza shemeji yangu, mdogo wake Zaina.

Nikaacha kutafuna.

"Ndiyo, mwanangu. Marehemu aliyalima akikuwaza wewe. Kula."

Akaongezewa, akala, akamsifu tena marehemu.

Mbegu zilizobaki ziko chini ya kitanda changu, na mvua imekaribia. Magoti yangu hayautaki mlima. Nitapanda hivyo hivyo. Mwenyekiti akiniulizia, shemeji atamwambia nimewahi shamba la kijiji.