Jani Nililoliokota Chini

Kwako Baba,

Shikamoo. Goti limekuacha, au bado linakuamsha alfajiri? Na Mama bado anakugombeza kwa kuweka miche yako jikoni? Mimi kwa mwili sijambo. Kwa moyo hali si nzuri, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeanza kuniuliza, nami ningekudanganya.

Kazi ya kutunza bustani za manispaa inaendelea. Hapa mtaani wananiita Daktari wa Miti. Ilianza kama utani, nami nikavimba kichwa. Mtu akiniletea jani, namtajia jina kabla hajamaliza kuuliza.

Mama mwenye nyumba wangu nilishakusimulia, yule mjane anayekaa vyumba vya mbele na mjukuu wake wa miaka minne. Uani kwake palikuwa na mti wa pambo, mwembamba, wa majani marefu. Marehemu mumewe aliuleta ukiwa mche ndani ya kopo la rangi, na hakuna aliyejua jina lake. Mjane mwenyewe aliuita mti wa mzee, na kila asubuhi alikunywa chai chini yake.

Mwezi uliopita mjukuu alivimba midomo, akawa analia. Zahanati wakasema huenda ametafuna jani lenye sumu. Nikaitwa haraka. Majirani walikuwa wamejaa uani, macho yote kwangu. Niliokota jani chini ya mti, nikalivunja, likatoa utomvu mweupe. Palepale nikasema ni huu, ukatwe. Yule mama aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nimefundishwa na baba yangu, na baba yangu hakosei.

Nilikutaja wewe, Baba. Yule mama akaingia ndani ili asione, nami nikaukata mwenyewe kwa shoka la kazini.

Wiki iliyopita mtoto akavimba tena. Nilikwenda kwenye kisiki, nikakuta kimeanza kuchipua. Nikavunja chipukizi: utomvu hakuna, hata tone. Nikafikicha majani, yananukia vizuri tu. Ndipo nikainua macho. Nyuma ya ukuta, kwa jirani, kuna mti mwingine wenye majani marefu vilevile, na upepo unayamwaga kwetu kila siku. Jani nililisoma sawasawa, ila lilikuwa la mti wa jirani.

Tangu nikiwa nakufika kiunoni uliniambia nisiutaje mti kwa jani la chini, nivute tawi, nitazame jani limeshikia wapi, na nikikwama niseme sijui. Sikusahau hata moja. Niliona haya tu kuvuta tawi na kulichunguza mbele za watu, wasije wakadhani Daktari anababaisha. Kwa ajili ya hilo tu, Baba. Nikipita pale uani natamani ardhi ipasuke.

Siku ileile nilimweleza yule mama kila kitu. Jirani ameshakata matawi ya upande wetu, na mtoto anacheza. Nilijua nitafukuzwa, nikawa nimeshafunga hata begi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, sasa ule wa mzee ulikuwa mti gani? Nikamwambia sijui. Akasema basi nikuulize wewe, si hukosei.

Ndani ya bahasha kuna chipukizi lenye majani manne. Safari hii nimelichuma kwenye kisiki kwa mkono wangu. Nitajie jina lake nikampe. Na kama hata wewe huujui, niandikie hivyohivyo, nitamsomea.

Mpe Mama shikamoo yangu, na wadogo zangu waambie nawakumbuka. Mama usimsomee barua hii yote.

Ni mimi mwanao,
ambaye sasa naitika kwa jina mlilonipa nyumbani tu.