Mosoti Anauliza Nilikitoa Wapi

Jumatatu, 10 Machi 2025

Majibu yametoka. Nina kirusi cha HPV, kile cha kuambukizana kitandani. Sista Cheptoo ameona pia doa jeupe kwenye mlango wa kizazi. Si saratani, alisema, akarudia. Seli zimeanza kubadilika tu. Watazigandisha zife, ziote mpya. Leo? Hapana — gesi ya mashine imeisha! Nirudi Jumatano ya wiki ijayo. Nimeomba ruhusa shuleni bure, nimekanyaga matope ya Kimulot hadi kliniki bure.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Mosoti. Miaka kumi na minne ya ndoa, na swali lake la kwanza: ulikitoa wapi? Si "unaumwa?" Si "watakutibu lini?" Nilikitoa wapi! Nikamweleza kinaweza kulala mwilini miaka mingi, kimya. Labda nilikuja nacho, labda ni yeye, hakuna wa kujua. Akavaa gumboots, ati anaenda kuona ng'ombe. Alikuwa ametoka huko saa hiyo hiyo.

Alhamisi, 13 Machi

Form Three, somo la jeni. Nelvine akauliza: Mwalimu, kirusi ni kidogo hivyo, kinaiwezaje seli?

Nikachora. Hakina mashine yake, nikasema. Kinaingiza jeni zake chache, na seli inazisoma kama zake. Jeni moja inatengeneza protini ya kumwangamiza mlinzi — yule anayesimamisha seli iliyoharibika. Nyingine inawasha jeni za kugawanyika, zile ambazo seli ilikuwa imezizima. Basi seli inagawanyika tu, kasoro zinarundikana, hakuna wa kuiambia simama.

Kwa nini mwili haupigani? Unapigana, nikamjibu. Mara nyingi unashinda.

Mara nyingi. Chaki ikanivunjikia mkononi. Wanafunzi hamsini na wawili wameelewa kwa dakika arobaini. Huyu wa nyumbani anaongea nami kupitia mtoto: "Nyabate, mwambie mama chumvi imeisha." Niko hapo hapo mezani!

Jumapili, 16 Machi

Shule ya Nyabate imeleta form ya chanjo ya HPV. Ana miaka kumi na moja. Mosoti amekataa. Mtoto mdogo hivyo, chanjo ya mambo ya watu wazima? Nikasema ndiyo maana inadungwa mapema, kabla kirusi hakijafika! Akasema namfungulia mtoto njia. Njia gani? Nikapiga kelele. Jirani yetu Janeffer akanyamazisha redio yake asikie vizuri. Tulitoka kanisani saa sita, saa saba tuko hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Gesi imefika. Niko kwenye benchi nje ya chumba, wa tatu. Naandika huku nikisubiri zamu.

Mosoti amekuja! Sikumwita. Ametoka moja kwa moja shambani, majani ya chai yamemnata kwenye sweta. Hakunisalimia. Amemsimamisha Cheptoo hapa, mbele ya akina mama wote:

"Sista, na mimi mnanipima wapi?"

Kwa wanaume hatuna kipimo cha hiyo, Cheptoo akamwambia.

"Hakuna kabisa?"

Hakuna.

"Basi sitawahi kujua kama ni mimi?"

"Hutajua, baba Nyabate."

Ameketi. Si karibu yangu — ameacha nafasi ya mtu mmoja. Anaangalia mikono yake. Wiki nzima nimetaka akose la kusema, sasa amekosa, na hata hilo linaniudhi. Ningetaka aseme kitu. Chochote!

Mlango umefunguliwa. Wameita jina langu. Mosoti amesimama kabla yangu, anauliza kama na yeye anaruhusiwa kuingia, na Cheptoo ananiangalia mimi nijibu —