Roulotte ya Zaina

Jumatatu, 4 Machi 2002. Beni
Ninavuta nyaya za umeme tangu asubuhi. Taa ine za bustani ziko tayari, bado mbili. Joto ya huku inanichosha, mwili wangu umezoea baridi ya Butembo.

Papa Yusufu, mwenye malori, ndiye aliniita. Alinunua roulotte, nyumba ya bati ya magurudumu, ya zamani ya batu benye kutengeneza barabara, akaikokota mpaka mu bustani yake, akamupa binti yake Zaina. Zaina ni infirmière. Anazalisha bamama mule ndani, maana centre de santé imejaa bakimbizi. Benye kungojea kuzaa banalala mu nyumba ngambo ingine ya bustani, na njia ya kuvuka ni matope na giza. Ndiyo sababu ya taa. Kazi ndogo. Siku mbili, ninarudi kwetu.

Jumanne, 5 Machi
Hapana kazi ndogo.

Zaina amesema mulango wa roulotte unamuuma mikono akiugusa na maji. "Kama siafu, Yaya Masika." Alizani ni uchovu. Nikagusisha testeur yangu ya kupima courant ku bati ya inje. Ikawaka. Courant ya umeme iko mu mwili muzima wa roulotte. Fundi mwenye alinitangulia aliweka waya mbili tu, hakuna waya ya terre ya kupeleka courant mu udongo, na pale inapita mu bati ngozi yake imekatika. Bamama banaingia mule miguu wazi, chini kuko maji.

Nikazima groupe, mashine ya kutoa umeme. Nikatoa fusibles zake, bila hizo courant haipiti, nikazitia mu mufuko.

Papa Yusufu alikasirika. "Miezi tatu inawaka vizuri. Wewe umekuja jana."
"Papa, leo ni mikono. Kesho itakuwa moyo."
Akarudi ku malori yake. Niliogopa, niandike tu hivyo.

Jumatano, 6 Machi. Butembo
Lazima disjoncteur différentiel, ile yenye kukata umeme yenyewe courant ikianza kukimbilia mu udongo ao mu mutu. Beni nilizunguka maduka yote, hakuna. Donc nimepanda juu ya lori mpaka huku. Barrière mbili za askari. Ku ya pili askari alimwaga sac yangu, akashika pince, koleo yangu, akauliza inakata nini. Nikasema nyaya za taa za bamama benye mimba. Akaigeuza-geuza. Akanirudishia. Sijui kwa nini.

Mama anasema nisirudi Beni, barabara imeharibiwa na batu, hapana na mashimo. Yuko na haki.

Kitu kimoja kinanila: mahali pa fusible, mutu anaweza kuweka musumari, na courant ikarudi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata disjoncteur. Mama Kavira, mufanyabiashara wa vitambaa, aliitoa ku ukuta wa nyumba yake mwenyewe. "Kwangu tuko batu bazima, tunavaa viatu." Wasingya, aksanti sana, mama. Nimepata pia waya ya nyuzi tatu na chuma ya terre, ya kupigilia mu udongo. Lori haikuondoka. Sijui kungojea.

Ijumaa, 8 Machi. Beni
Nilifika saa nane ya muchana. Toka barabarani nikasikia groupe inalia. Nikakimbia, chuma mu mukono.

Zaina alikuwa amekaa ku ngazi ya roulotte, anakunja vitambaa. Kweli baba yake aliweka musumari, siku ile ile nilienda. Lakini yeye alichomoa waya ya roulotte ku groupe, akakata fiche yake ya kuchomeka na kisu, akaitia mu mufuko wa blouse. Groupe ilikuwa inajaza batri ya lori tu. Mama mumoja alizaa jana muchana, madirisha wazi, vizuri.

"Nilimuambia baba, hapana ni hapana. Akanuna siku mbili. Leo amekula."

Nikakaa mu majani, nikacheka.

Jumamosi, 9 Machi
Chuma imeingia mu udongo mpaka kichwa. Waya mupya, yote mu tuyau, bomba ya plastiki, chini sana, jembe haiwezi kuifikia. Nikawasha. Disjoncteur ikakata. Nikawasha tena. Ikakata. Papa Yusufu alisimama nyuma yangu, anaangalia mikono yangu. Nikafungua taa moja moja. Ya tano, ile ya karibu na choo, mvua iliingia ndani. Nikakausha, nikaziba na caoutchouc, kipande cha mpira. Nikawasha, disjoncteur ikashika.

Testeur ku bati: hakuna kitu. Mukono wangu wenye maji: hakuna kitu. Papa Yusufu akalowesha mikono yake yote mbili, akaiweka ku mulango, akaiacha pale muda murefu.

"Ningemuua mutoto wangu," akasema. Akaenda kuswali.

Jioni taa sita ziliwaka. Bamama batatu bakavuka bustani pole pole, banazungumuza. Hakuna mwenye aliangalia chini.

Jumapili, 10 Machi
Juu ya lori, kurudi kwetu. Baridi ilianza tukipanda milima, nikafurahi kuisikia. Bila sababu nikaanza kulia. Si kidogo. Mama mumoja mwenye alikaa karibu yangu ku magunia akanifunika na kikwembe chake, akauliza nani amekufa.

Nikamujibu hakuna mutu, mama.

Hakushangaa. Akavunja muhogo wake, akanipa nusu.