Kuku, Bia ya Wimbi na Jiko la Elgon View

Huruma,
Eldoret.
14 Septemba 2025

Mpendwa Senge Rosebella, dada ya baba yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje, na ule mguu uliokuwa unafura ukisimama sana jikoni kwa hao watu unaowapikia, umepona? Joto la Doha limepungua au bado linawachoma? Sisi tuko salama. Baba alikuwa na kikohozi cha kumnyima usingizi, lakini sasa anaunguruma tu kidogo asubuhi halafu anasahau. Mvua inatunyeshea kila alasiri na wenye ngano wanaiangalia kwa wasiwasi.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu simu zetu hukatika kila tukifika mahali patamu. Simeon, yule fundi wa mabomba wa Cheptiret, anasafiri kuja huko wiki hii na ameniahidi atakupa barua hii mkononi. Ukimwona amekonda usishangae, ni wasiwasi wa ndege. Mpe chakula.

Ulipopiga mara ya mwisho ulisema mkataba wako unaisha Desemba, na kwamba mwajiri anataka usaini mwingine wa miaka miwili kabla Oktoba haijaisha. Ukasema utasaini tu, maana ukirudi utafanya nini huku, utakaa kwa nyumba ya kaka yako ukiangalia mabati? Nilinyamaza, na najua ulifikiri nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa na jambo tumboni na niliogopa kulisema likiwa bichi. Sasa limeiva, kwa hivyo tafuta mahali ukae.

Ni hivi. Kule Elgon View, kwenye zile nyumba kubwa zenye miti, kuna mama anaitwa Wahu. Ni mtu wa Nyeri, ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Ndugu yake Munene amesomea kutengeneza bia, na wawili hao wamegeuza nyumba moja ya zamani kuwa kiwanda kidogo. Nyuma kuna mitungi ya chuma inayong'aa hadi unajiona meno, mbele kuna nyasi na viti. Si chang'aa, Senge, usianze kuniombea. Ni bia wanayoipika wenyewe, kidogo kidogo, na kila kitu kinatoka karibu: shayiri ya Moiben, asali ya kule bondeni, wimbi ya upande wa Bungoma. Watu wa Eldoret wamekuwa wakipanda shayiri miaka yote na kuitazama ikienda Nairobi na malori. Sasa kuna mtu anaipika hapa hapa!

Bia walikuwa nazo, chakula hawakuwa nacho. Wahu alikataa kabisa chipsi. Akatangaza kwamba anayetaka kupewa jiko la pale aje siku moja na chakula cha Eldoret, kile watu wa huku wanakula kwao, lakini kiende pamoja na bia zake. Mimi wakati huo nilikuwa napika maharagwe pale hoteli ya karibu na stendi, maharagwe asubuhi, maharagwe jioni, mpaka nguo zangu zinanuka maharagwe hata nikienda kanisani. Nikaenda nikaandikisha jina langu kabla sijapoa.

Halafu nikaogopa. Chakula cha Eldoret ni kipi? Huku kila mtu alikuja na sufuria yake. Nikamchukua Linah, jirani yangu, ambaye hajui kupika hata chai lakini ulimi wake haudanganyiki, tukaanza kuzunguka mji tukila. Senge, sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe!

Tulianza na mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na damu, wa Macharia hapa Huruma, pale kona ya mafundi wa masufuria. Anaukata kwa ubao, anakusogezea na chumvi na kachumbari, na unakula umesimama huku mafuta yakikutiririka hadi kwenye kiwiko. Tukaenda Cheptiret kula mbuzi wa kuchoma, mbavu zenyewe, na Linah akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tukala ugali wa wimbi na mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, kwa mama mmoja Mkalenjin, maziwa yale yana rangi ya majivu kwa sababu ya mkaa wanaosugulia kibuyu, na yanakuamsha kichwa. Tulikula matumbo, tukala samaki, tukala chapati za kila mtaa. Nilinenepa. Sketi yangu ya kijani imenikataa.

Kosa letu lilikuwa kujaribu mursik na bia ya shayiri. Munene alikuwa ametupa chupa za kuonjea nyumbani, na mimi nikaona kwa nini vitu viwili vizuri visikae pamoja. Linah alikunywa hiki, akafuatisha kile, akatoka mbio hadi mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa anapita. Sitaki kueleza zaidi, lakini tulimfulia shati.

Munene ndiye alinifundisha kuonja. Kwanza unanusa, halafu unachukua kidogo, unaizungusha mdomoni kabla ya kumeza. Nilionja tu. Sawa, nilionja mara kadhaa. Ya asali ni laini na ina utamu unaokuja nyuma. Kuna moja chungu sana, ya watu wanaojifanya wajuaji. Lakini aliponipa ile ya wimbi, nilinusa nikaiweka chini. Ilikuwa harufu ya ule unga tuliokuwa tunakaanga kwa bati nyuma ya nyumba ya Kukhu, nyanya yangu, wewe umefunga leso kichwani, moshi umekutoa machozi, unanipigia kelele nisiache unga uungue. Nililia mbele ya Munene wa watu. Akafikiri bia yake imeharibika.

Basi nikajua nitapika nini. Nitapika kuku wako. Kuku wa kienyeji, wa kubanikwa kwanza kwa moshi halafu anachemshwa polepole na munyu wa majivu, ila mahali pa maji nitie bia ya wimbi. Na mboga zetu, mrenda na saga, na ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo. Nilipojaribu mara ya kwanza Linah alilamba sahani, na si kwa mfano, aliilamba.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa Jumamosi ya wiki iliyopita. Tulikuwa wapishi watatu: mimi, Macharia na mutura wake, na Waithira aliyeleta mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, pamoja na nyama. Wageni walikaa kwenye nyasi, majirani wa Elgon View na wafanyabiashara wa mjini. Kati yao alikuwako Mzee Mabonga, mtu wa kwetu, ambaye ndiye analima ile wimbi. Wahu alimweka kwenye kiti cha mbele kabisa. Ukimpoteza Mzee yule umepoteza wimbi, na bila wimbi bia nzuri kuliko zote pale haipo.

Sasa sikia kituko changu. Nilitaka kuanza na kitu kidogo cha kuamsha mdomo. Nikachukua imondo, yaani firigisi, za wale kuku wote, nikazilaza kwa ile bia chungu, nikazikatakata, nikazichoma kwa vijiti, nikawagawia watu wote. Kila mtu kijiti kimoja. Walisifu! Wamama wa Elgon View waliuliza kama zimebaki. Mimi nikapanda juu ya mawingu, sikukumbuka hata kidogo ni nini nimefanya, mimi binti ya Murunga, niliyekua kwa boma ambapo imondo ilikuwa inapelekwa kwa mwenye boma kwa sahani yake peke yake, na mwanamke haigusi.

Halafu kuku akafika mezani. Mzee Mabonga akaangalia sahani yake. Akageuza paja, akaangalia chini ya bawa, akageuza tena. Akaweka mikono kwenye magoti.

"Msichana wa kwetu," akasema, "hii kuku ilikuwa mgonjwa?"

"Hapana, Mzee."

"Basi imondo yake ilienda wapi?"

Senge wangu! Wahu aliposikia neno mgonjwa aliacha kutafuna. Jirani yake akaweka uma chini, na mwingine, na mwingine, mpaka nyasi nzima ikaacha kula. Hakuna aliyeelewa Mzee anauliza nini isipokuwa mimi. Nikaona jiko likienda. Nikakuona wewe ukishika kalamu huko Doha.

Nikapiga magoti kando ya kiti chake. Nikamwambia ukweli, kwa sauti ya watu wote kusikia, ili wajue kuku ni mzima.

"Iko kwa vile vijiti mlivyokula, Mzee. Nilikata vipande vidogo nikagawia watu wote."

"Wote? Hata wamama?"

"Hata wamama."

"Na wewe ni Mbukusu kabisa?" Alishangaa kweli, hakuwa anatania. "Nani alikufundisha kupika?"

"Ni senge wangu, Rosebella. Dada ya baba."

"Yeye alikuwa anakula imondo?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria swali hilo maishani. Nilikuona tu ukipika, ukipakua, ukipeleka kwa wanaume ukiwa umeinama, ukirudi jikoni kula mrenda. Nikamjibu kwamba hukuwahi kuionja, hata mara moja, na wewe ndiye ulijua kuipika kuliko mtu yeyote. Nilikuwa na hasira, Senge, na sikujua ni ya nani.

Mzee aligeuza fimbo yake mkononi. Mwisho akasema, polepole, "Hata mama yangu alienda bila kuionja."

Akaagiza kijiti kingine. Kilikuwa kimebaki kimoja kwenye sinia, nilikuwa nimemfichia Linah. Akakishika kwa mikono yote miwili, akainuka na fimbo yake, akavuka nyasi hadi kwa Wahu.

"Imondo ni ya mwenye boma," akamwambia. "Hii boma ni yako. Kula, mama."

Wahu hakujua mila zetu, lakini hilo alilielewa vizuri. Kumbe tangu aanze, kila anayekuja pale huuliza mwenyewe yuko wapi, na yeye ndiye amesimama mbele yao. Alikula ile imondo macho yamejaa maji, halafu akacheka, na watu wote wakacheka wakarudi kwenye sahani. Mzee alimaliza kuku wake, akaongeza ugali, akamaliza bia mbili za wimbi akisema Munene sasa anakaribia kujua kazi. Nilienda nyuma ya mitungi nikakaa chini peke yangu.

Usifikiri nilikuwa bora kwa kila kitu. Saga yangu ilizidi chumvi. Mutura wa Macharia uliopakwa bia ya asali ulinishinda kwa mbali, na nilimwambia hivyo mwenyewe. Jumatano Wahu alituita. Macharia amepewa jiko la nje, la moto. Mimi nimepewa jiko la ndani, na tunaanza Januari. Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Nimeacha kazi ya maharagwe. Linah anasema atakuwa anakuja kuonja bila malipo kwa maisha yake yote, na sioni nitamzuia vipi.

Baba anakusalimu sana. Alipoisikia habari ya imondo alizungukazunguka uani siku nzima, halafu jioni akaniuliza kama nina hakika hukuwahi kuionja. Nadhani anakutafutia maneno, mpe muda. Kukhu anakusalimu na anakuombea kila asubuhi, anakutaja kwanza kabla ya sisi wengine wote, hata kabla ya mifugo. Mdogo wangu Tyson anasema ukija umletee viatu vya mpira, mimi nimemwambia akuandikie mwenyewe. Binamu yangu Nakhumicha amejifungua msichana na wote wawili wako sawa. Nisalimie pia yule rafiki yako Mganda mnayeenda naye kanisani.

Sasa nimefika kwa jambo lenyewe. Jiko lile lina mahali pa wapishi wawili. Wahu aliniambia nichague mwenzangu mwenyewe, mtu ninayemwamini na sufuria. Aliniuliza kama namjua mtu, au atafute. Nilimwambia asitafute. Nilimwambia yuko mbali kidogo, na kwamba ni yeye aliyempika kuku yule kupitia mikono yangu. Wahu akasema atangoja mpaka Januari, na mtu huyo asipofika kufikia hapo, nafasi atapewa mwingine. Sijamwambia kwamba bado sijakuuliza.

Kwa hivyo nakuuliza. Najua watoto wa mwajiri wako wamekuzoea, na najua umechoka kuahidiwa mambo na watu wa nyumbani. Hii si ahadi yangu, ni jiko. Nimeligusa, lina dirisha kubwa linaloangalia miti, na meza yake iko juu kiasi cha kutoumiza mgongo wako. Nilipima kwa urefu wako, nilisimama nikafikiria kichwa chako kinafika wapi.

Mungu akulinde, akulainishie moyo wa mwajiri wako, na akurudishe kwetu ukiwa na afya. Wakikuletea karatasi, Senge, usisaini.

Ni mimi binti yako, nikupendaye na kukungoja,
Priscah