Zamu ya Wifi Kwenye Mashine ya Kupukuchua

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla hasira hazijanimaliza, kikundi chetu cha wakulima kina mashine moja ya kupukuchua mahindi, sisi wanawake tunailisha kwa zamu, na mwanzo wa msimu akina baba walikaa kikao wakapiga kura kifuniko cha mdomo wa mashine kifunguliwe kiondolewe, eti kinachelewesha kazi, sasa kuku wa mwenyekiti wanakinywea maji, na mwenyekiti mwenyewe ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu, basi juzi wifi yangu akilisha, mkono wa gauni ukanaswa, vidole vitatu vikaenda, na kaka yake huyo mwenyekiti, tumbo moja, akasema, "Ni bahati mbaya, tumwombee," mashine ikamwagiwa maji na kazi ikaendelea jioni ileile! Zamu ya wifi nimepewa mimi, naanza Jumatatu, nikikataa mahindi yetu hayapukuchuliwi, mume wangu anasema, "Usinigombanishe na kaka," mama mkwe anasema nina mdomo, na wifi hawezi hata kumfunga mwanawe vifungo vya shati. Nifanyeje?
Mwenye Vidole Kumi Bado

Vidole Kumi, pole, na wifi mpe pole zangu. Barua yako niliiweka chini nikatoka nje kwanza, maana ningejibu matusi. Bahati mbaya gani inayoshika spana? Kifuniko kimefunguliwa na watu wenye akili zao timamu.

Lakini na wewe nikuseme. Umelia kwa mume, umelia kwa mama mkwe, na hao wote hawailishi mashine. Wenzako wa zamu je? Barua nzima hujasema wao wanasemaje! Kidole kimoja hakivunji chawa, mama.

Jumatatu usiiguse mashine hiyo. Leo hii anza kupita nyumba kwa nyumba kwa kila mwanamke mwenye zamu, na wifi akikubali nenda naye, wamwone. Kubalianeni kwamba hakuna atakayelisha mpaka fundi akirudishe kifuniko na kukikaza. Gunzi likikwama, mashine izimwe ndipo lichomolewe, na magauni ya mikono mipana yabaki nyumbani. Mumeo atanuna. Mwache anune, mahindi yakichelewa kidogo hayafi, na vidole havioti tena.

Shemeji akisema kifuniko kinachelewesha kazi, msibishane naye. Mpisheni tu, alishe yeye.