Tembo wa Bibi Nasibwene

Tunduma, Jumapili, 16 Novemba 2014

Mvua bado. Malori ya kwenda Zambia yamesimama tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kitandani. Sikwenda kanisani. Sina hamu ya kuonana na mtu.

Nimekusanya sarafu za dhahabu za enzi ya Mjerumani kwa miaka mingi. Ninazo chache zenye kichwa cha Kaisari wao. Niliyoitafuta zaidi ni ile iliyotengenezwa Tabora wakati wa vita: tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima. Nimeletewa za bandia mpaka nikachoka.

Kisha nikampata Bibi Nasibwene, kule Ikinga. Yake aliachiwa na baba yake. Macho yake hayaoni tena, lakini akipitisha kidole gumba juu ya sarafu, anaufuata ule mkonga mpaka nchani. Kila nilipokwenda alikataa kuiuza. Mwezi uliopita akasema, "Nikifa watoto hawa wataigombania. Chukua wewe, mwanangu, ila kila Krismasi umlete tembo wangu nimshike."

Akataka mwanawe Ambele, mchimbaji wa dhahabu na ndiye mkubwa wa nyumba, aniletee yeye mwenyewe atakapokuja kumsalimia mama yake.

Jana Ambele alifika, anacheka tangu mlangoni. Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kidonge kama punje ya harage.

"Kaka, ilikuwa imejaa weusi. Nikapita nayo kwetu machimboni, nikakuchomea mpaka ikayeyuka. Sasa ni dhahabu tupu, haina uchafu wala mapicha."

Machimboni dhahabu ambayo haijapita motoni haijawa dhahabu. Kumpa mtu ikiwa chafu ni kumdharau. Ambele aliniheshimu.

Nilimwambia asante.

Akanitazama usoni, kicheko kikaisha. "Au nimekosea, kaka?"

"Mama anajua?"

"Hajui. Amesema tu nikusalimie, na tembo asilale kwenye unyevu."

Leo nimefungua kopo la sarafu zangu, nikalifunga. Zimekuwa vyuma tu. Niliwaza kumpelekea Bibi moja ya zile za Kaisari, maana ukubwa unakaribiana. Lakini kidole kile hakidanganyiki.

Krismasi si mbali. Nitakwenda Ikinga nimwekee kidonge hiki kiganjani. Kidole gumba chake kitazunguka, kitazunguka, kikiutafuta mkonga.